Sauti ya Vyama Mjini Nairobi

Mtu mmoja hawezi kuchimba kisima cha mtaa mzima, lakini watu ishirini wakishikana waweza. Ndiyo sababu mji mkubwa huzaa vyama, na Nairobi ni mji wa namna hiyo. Katika Kawangware, Kangemi, Dagoretti na Kibera, na hata katika vyumba vidogo vya majumba marefu ya katikati ya mji, wako wanawake wachangiao fedha kila juma, vijana wazoao taka, wazazi walioanzisha shule chini ya paa la mabati, na watu wa kwao mmoja wazikanao. Vyama hivi vina mwenyekiti, mwandishi, mweka hazina na daftari la mahudhurio. Lakini vingi havijulikani kupita mtaa vilimozaliwa, na machoni pa dunia jambo lisilojulikana ni sawa na jambo lisilokuwako.

Katika siku zetu chama kitakacho kujulikana hujijengea tovuti, yaani kurasa zake chenyewe katika intaneti, na hutangaza habari zake katika mitandao ya jamii kama Facebook na WhatsApp. Wengi hudhani kwamba kazi hii ilizaliwa juzi pamoja na simu za mkononi. Chombo ni kipya kweli, lakini haja ni ya zamani, na hatari zake vilevile ni za zamani. Insha hii yasimulia jinsi vyama vya Nairobi vilivyojitafutia sauti tangu siku za simu ya waya mpaka leo. Ndani ya masimulizi hayo mna swali moja ambalo msomaji aliweke moyoni: chama kisipojieleza chenyewe, ni nani atakayekieleza?

Mwaka wa 1921 palikuwa na kijana mmoja katika ofisi ya Hazina ya serikali mjini Nairobi, na kazi yake ilikuwa kuunganisha simu. Jina lake lilikuwa Harry Thuku. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi katika nyumba ya gazeti la walowezi, akajifunza humo kupanga herufi za chapa. Basi alijua mambo mawili ambayo wenzake wengi hawakupata nafasi ya kuyajua: jinsi neno lisafirivyo kwa waya, na jinsi neno likaavyo juu ya karatasi. Siku zile mishahara ya Waafrika ilikuwa ikipunguzwa, kodi ilikuwa imepandishwa, na mwanamume aliyetafuta kazi alilazimishwa kuchukua kipande. Thuku na wenzake wakaanzisha chama kilichoitwa East African Association. Hawakutaka malalamiko yao yapande ngazi moja moja mikononi mwa maofisa wale wale waliolalamikiwa. Wakapeleka simu ya maandishi moja kwa moja mpaka London. Serikali ya koloni haikupendezwa. Thuku akapoteza kazi yake, na tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Siku mbili baadaye umati wa watu uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi ulipigwa risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, na wengine walisema kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi.

Sauti haikufa pamoja nao. Mwaka wa 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilianzisha gazeti lake, Muigwithania, na mhariri wake alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo aliitwa Johnstone. Gazeti lile liliwawezesha watu wa chama kusoma habari zao kwa lugha yao, zimeandikwa na mkono wa mwenzao. Mwaka wa 1940, wakati wa vita, chama kilipigwa marufuku, na sauti yake ikanyamazishwa pamoja nacho. Katika habari hizi mbili twaona mambo matatu yatakayotokea tena na tena: kwanza chama hutafuta chombo cha kusemea, pili hutaka chombo hicho kiwe mikononi mwake chenyewe, tatu hulipa gharama, na mara nyingine gharama hiyo ni kubwa kuliko fedha.

Miaka ikapita, uhuru ukaja mwaka wa 1963, na mji ukakua. Mwaka wa 1977 Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement, chama kilichowafundisha wanawake kupanda miti. Mwaka wa 1989 alipata habari kwamba jumba la orofa 60 lilikusudiwa kujengwa katika Uhuru Park, bustani iliyo kando ya katikati ya mji, ambapo mtu asiye na shilingi mfukoni hupata kivuli na majani ya kulalia siku ya Jumapili. Maathai hakuwa na redio wala gazeti. Alikuwa na kalamu, akaandika barua. Aliwaandikia wakuu wa serikali, akayaandikia mashirika ya Umoja wa Mataifa, akaziandikia balozi za nchi za nje. Bungeni alidhihakiwa, na chama chake kikaamriwa kuondoka katika ofisi ya serikali kilimokuwa. Lakini barua zilikuwa zimekwisha vuka bahari. Wale waliotazamiwa kutoa fedha walirudi nyuma, jumba likaachwa, na bustani ipo hata leo. Mwaka wa 2004 Maathai alipewa Nishani ya Nobel ya Amani.

Huyo Maathai aliwahi pia kuwa katika halmashauri ya kituo kimoja cha Nairobi kilichoitwa Environment Liaison Centre International, ambacho kazi yake ilikuwa kuviunganisha vyama vya mazingira vya nchi mbalimbali. Ni katika kituo hicho, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo vyama vya Nairobi vilionja kwa mara ya kwanza mawasiliano ya kompyuta. Chombo chao kilikuwa duni tukilinganisha na vya leo: kompyuta moja, waya wa simu, na kijisanduku kilichogeuza maandishi kuwa sauti za kupita katika waya. Mtu aliandika barua yake, nayo ikangoja ndani ya kompyuta pamoja na nyingine. Kwa saa iliyopangwa kompyuta ya shirika la GreenNet iliyokuwa London ilipiga simu Nairobi, ikachukua barua zote kwa fungu moja, ikaacha zile zilizotoka nje, kisha ikakata simu upesi ili gharama isizidi. Ilikuwa kama tarishi apitaye mara moja kwa siku na mfuko begani. Hata hivyo tarishi huyu hakuchoka, wala hakuibiwa njiani. Katika miaka ile vyama vya dunia vilikuwa vikijiandaa kwa mkutano mkubwa wa mazingira wa Rio de Janeiro wa mwaka wa 1992, na barua iliyokuwa ikichukua majuma mawili kwa posta sasa ilifika kesho yake.

Msomaji atazame jambo hili vizuri. Watu wengi hufikiri kwamba intaneti ililetwa na wafanyabiashara, na vyama vikaja nyuma kuokota makombo. Katika Nairobi mambo hayakuwa hivyo. Miongoni mwa wa kwanza kabisa kuiunganisha Kenya na intaneti, mwaka wa 1995, alikuwa African Regional Centre for Computing, kituo kisichotafuta faida. Mwaka huo huo kampuni ya Africa Online, iliyoanzishwa na vijana watatu Wakenya waliosoma Marekani, ikafungua kazi mjini. Lakini mwezi wa Oktoba shirika la serikali la posta na simu lilitangaza kwamba huduma hiyo iliingilia haki yake ya pekee ya mawasiliano. Mlango ulifunguliwa kwa mkono mmoja na kusukumwa kwa mwingine.

Ugumu huo uliendelea kwa miaka. Mtu aliyekaa Westlands akimwandikia barua pepe mwenzake wa Moi Avenue, barua ilipaa kwa setilaiti mpaka Marekani au Ulaya, ikazunguka huko, kisha ikarudi Nairobi, na kila hatua ililipiwa. Basi mwaka wa 2000 watoaji huduma wakaungana chini ya chama chao, TESPOK, wakajenga kituo cha kubadilishana habari papo hapo mjini, ili barua ya Nairobi isilale ugenini. Baada ya siku chache kituo kikafungwa kwa amri ya wasimamizi wa mawasiliano, kwa kuwa shirika la simu la taifa lililalamika. Kikafunguliwa tena mwaka wa 2002. Miaka hiyo pia ndiyo uangalizi wa majina ya tovuti za Kenya, yale yaishiayo kwa herufi za ke, ulipowekwa chini ya shirika liitwalo KENIC. Vyama visivyotafuta faida vilitengewa mwisho wao, or.ke, kama vile shule na ofisi za serikali zilivyotengewa yao. Jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini jina ni mlango wa nyumba, na mgeni hajui aingie wapi asipouona mlango.

Baada ya mlango kupatikana ilionekana upesi kwamba wenyeji wana mengi ya kusema. Katika miaka ya 2005 na 2006 vijana wawili, Ory Okolloh na Conrad Akunga, walianzisha tovuti iliyoitwa Mzalendo. Kama walivyosimulia waanzilishi wake, Bunge lilikuwa limeifunga tovuti yake baada ya baadhi ya wabunge kuchukizwa kuona habari za elimu na kazi zao zimewekwa hadharani. Vijana hao hawakuwa na ofisi wala mshahara kwa kazi hiyo. Walichukua kumbukumbu za Bunge, ambazo ni mali ya umma, wakazipanga ili raia aone mbunge wake alisema nini, na kama alisema lolote. Raia aliyekuwa amezoea kuwaona wabunge wakati wa kura tu sasa aliweza kuwafuata mwaka mzima.

Mwisho wa mwaka wa 2007 ukaja msiba. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba ulifuatwa na ugomvi, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na laki kadhaa walikimbia makwao. Katika siku zile mtu aliyekuwa Kilimani hakujua kilichotukia Kibera, umbali wa mwendo wa miguu, na uvumi ulijaza nafasi ya habari. Tarehe 3 Januari 2008 Okolloh aliandika katika blogu yake akiuliza kama wako wajuao kompyuta wawezao kutengeneza ramani ya kuonyesha mambo yanayotendeka na mahali yanapotendeka. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliitikia pamoja na wengine, na baada ya siku chache tu tovuti ikawa tayari. Ikaitwa Ushahidi. Mtu yeyote aliweza kutuma habari kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa intaneti. Wajitolea wakaipima na kuilinganisha na habari nyingine kabla ya kuiweka katika ramani. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti mwezi wa Januari 2010, chombo hicho kilichobuniwa kwa ajili ya majonzi ya Kenya kilitumiwa kuwatafutia msaada watu wa ng'ambo ya pili ya dunia.

Mambo mawili yalirahisisha kazi baada ya hapo. Mwaka wa 2009 mikongo ya mawasiliano ipitayo chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ilifika Mombasa, ikapunguza utegemezi wa setilaiti. Na mwezi wa Machi 2010 wale wa Ushahidi walisaidia kufungua iHub katika jengo la Bishop Magua Centre, Ngong Road. Humo vijana watengenezao programu walipata meza, intaneti na wenzao wa kuwauliza. Ngong Road ikawa barabara ya wajenzi wa tovuti, kama vile mitaa mingine ya mji ilivyo mitaa ya maseremala au ya mafundi wa magari.

Kusini ya barabara hiyo, hatua chache tu, ndiko kuliko Kibera. Jina hilo latokana na neno la Wanubi la msitu, kwa kuwa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa kukaa huko mwanzoni mwa karne ya ishirini, palipokuwa bado na miti. Baadaye msitu ukawa mji wa mabati, wenye vijiji kama Makina, Lindi, Laini Saba, Silanga, Kianda, Gatwekera na Kisumu Ndogo, na reli ikipita katikati. Hapana mahali katika Nairobi palipoandikwa na kupigwa picha zaidi ya hapo. Wageni walikuja, wakatazama, wakaondoka, na kila mmoja alikuwa na hesabu yake. Wengine walisema watu wa Kibera wapata milioni moja. Hesabu ya serikali ya mwaka wa 2009 ilipata watu 170,070. Katika vitabu na ripoti Kibera ilijaa maneno. Lakini katika ramani za intaneti zilizotumiwa na dunia nzima mahali pake palikuwa peupe. Watu maelfu kwa maelfu waliamka, wakapika, wakasali na kuzikana katika doa tupu la karatasi.

Mwezi wa Oktoba 2009 Erica Hagen na Mikel Maron, Wamarekani wawili, walikuja na wazo jepesi: Kibera ichorwe na watu wa Kibera. Vijana 13 wa vijiji mbalimbali walipewa vyombo vidogo vya mkononi vipokeavyo ishara za setilaiti na kuonyesha mtu yuko wapi. Wakatembea. Walipofika kwenye bomba la maji waliandika. Walipofika kwenye choo cha kulipia, zahanati, shule, kanisa au msikiti waliandika. Jioni walikaa mbele ya kompyuta, wakayaingiza waliyoyapata katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuisoma na kuiongeza. Baada ya majuma machache doa jeupe likajaa njia na majina. Kazi hiyo ikaitwa Map Kibera.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchoraji mgeni angaliona vibanda tu. Kijana wa Gatwekera alijua ni njia ipi ipitikayo wakati wa mvua, ni bomba lipi lenye maji siku ya Jumanne, na ni kona gani isiyofaa kupitwa usiku. Ujuzi huo ulikuwa vichwani mwao siku zote. Ila haukuhesabiwa kuwa ujuzi mpaka ulipoandikwa.

Mwaka wa 2010 wakaongeza mambo mawili. La kwanza ni Voice of Kibera, tovuti iliyojengwa kwa programu ya Ushahidi, ambamo wakazi walituma habari zao kwa ujumbe wa simu na wahariri wa mtaa wakazipanga. La pili ni Kibera News Network, kikundi cha vijana wenye kamera ndogo waliopiga picha za video za mambo ya kwao, wakaziweka katika YouTube. Wakati wa kura ya maoni ya katiba ya Agosti 2010, na tena katika uchaguzi wa Machi 2013, kazi hii iliwawezesha watu wa Kibera kutoa habari zao wenyewe kabla ya uvumi kukimbia mbele.

Lakini tusiifanye hadithi kuwa tamu kupita kiasi. Wakazi walikuwa wamechoka na watu wakusanyao habari, nao wana haki ya kuuliza: ramani hii itatuletea nini? Tena wengi hawakuwa na kompyuta wala fedha za kununua intaneti, ikawa sura ya Kibera yaonekana London na Chicago kuliko Kibera kwenyewe. Wachora ramani waliisikia hoja hiyo. Wakachapa ramani katika karatasi na kuzipeleka mikutanoni, na nyingine zikachorwa kwa rangi juu ya kuta, ambapo muuza mboga angeweza kuzitazama bila kulipa hata senti. Hapo kuna fundisho kwa kila mjenzi wa tovuti: kazi haijakwisha mpaka yule ambaye habari ni zake ameiona.

Katika miaka hiyo hiyo mitandao ya jamii ilienea. Nguvu yake ilionekana mwezi wa Machi 2012, baada ya mabomu ya mkono kutupwa katika kituo cha mabasi cha Machakos, katikati ya Nairobi. Televisheni ya CNN ilitangaza habari hiyo kama kwamba Kenya nzima imo katika ghasia. Wakenya walipinga kwa maelfu katika Twitter, na mwandishi wa CNN aliyehusika akaomba radhi. Ni jambo lile lile la simu ya maandishi ya Thuku: watu hawakungoja kuelezwa na mtu mwingine. Na mwezi wa Juni 2024 vijana wasiokuwa na mwenyekiti wala ofisi walieleza mswada wa fedha kwa njia ya X, ambalo ndilo jina jipya la Twitter, na TikTok, kisha wakajaza barabara za katikati ya mji. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Lakini makumi ya watu walikuwa wameuawa au wangeuawa katika majuma yaliyofuata, na mji ulikumbuka kwamba gharama ya mwaka wa 1922 haikuwa imekwisha lipwa yote.

Sasa tutoke kwenye mambo makubwa, turudi kwa chama kidogo, kwa maana vilivyo vingi ni vidogo. Tufikiri chama cha akina mama ishirini katika Kawangware, washonao nguo na kulipia karo za mayatima. Mjukuu wa mwenyekiti, kijana mwenye ujuzi na moyo mwema, awatengenezea tovuti bure. Asajili jina la tovuti kwa barua pepe yake mwenyewe, aweke neno la siri moyoni mwake, apige picha, aandike nambari ya simu. Akina mama wafurahi. Maombi ya nguo yaanza kuja hata kutoka nje ya nchi. Mwaka wa pili kijana apata kazi Doha, aenda zake. Ada ya jina, ambayo hulipwa kila mwaka, haikulipwa, kwa kuwa barua ya kukumbusha imefika katika sanduku lisilofunguliwa. Siku moja mteja aitafuta tovuti, haioni. Aambiwa na jirani kwamba labda kile chama kilikufa. Akina mama wako pale pale, cherehani zao zalia mchana kutwa, lakini kwa yule mteja wamekufa.

Kijana yule hakukosa kwa ubaya. Kosa ni kwamba chama kilimpa mtu mmoja ufunguo, kisha kikasahau kuwa kuna mlango. Hakuna chama kimwachiacho mweka hazina fedha zote bila daftari, wala akaunti ya benki bila sahihi mbili au tatu. Vivyo hivyo jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la chama. Maneno ya siri yajulikane na watu wawili au watatu waliochaguliwa. Ada iandikwe katika makadirio ya mwaka pamoja na kodi ya chumba. Na kijana mwenye ujuzi amfundishe mwenzake kabla hajaondoka. Wafadhili wengi hupenda kulipia ujenzi na hawapendi kulipia matunzo, kana kwamba nyumba ikishaezekwa haivuji tena.

Yapo pia ya kuchagua. Ukurasa wa Facebook au kundi la WhatsApp ni kama kibanda cha kupanga sokoni: watu wako tele, kodi ni ndogo au hakuna, lakini mwenye soko aweza kubadili masharti asubuhi yoyote, na neno la leo huzikwa chini ya maneno ya kesho. Tovuti ni kama nyumba ya mtu mwenyewe: iko kando kidogo, mgeni lazima aonyeshwe njia, lakini yaliyomo hukaa. Chama chenye busara hupaza sauti sokoni na kuweka kumbukumbu zake nyumbani.

Mwisho ni jambo la heshima. Picha ya mtoto aliaye, mwenye nguo zilizoraruka, huleta fedha upesi, na vyama vingine vimeonja utamu huo. Lakini mtoto huyo atakua, ataliandika jina lake katika intaneti, na atajikuta akilia mbele ya dunia. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 yataka ruhusa ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Na hata kama sheria isingalikuwako, adabu ingalitosha. Nyumba njema si mlango. Tovuti yenye rangi nzuri na maneno ya kuomba huruma yaweza kumficha mtu yule yule iliyojengwa kumwonyesha.

Basi turudi kwenye swali letu la kwanza. Chama kisipojieleza chenyewe, wako wengi walio tayari kukieleza: mtawala aogopaye, mgeni apitaye njia, mwandishi mwenye haraka, mfadhili atafutaye machozi. Thuku alijua kuunganisha simu, Maathai alijua kuandika barua, vijana wa Kibera walijifunza kuchora ramani. Vyombo vyao vilitofautiana na vyote vitachakaa. Kilichofanana ni kwamba wenyeji walishika kalamu wenyewe. Nawe kijana usomaye insha hii, huenda kesho ukaitwa na mama, shangazi au mjomba ukaambiwa, "Wewe uliyesoma, tutengenezee kile kitu cha intaneti." Uitike. Lakini kabla hujawasha kompyuta, kaa nao chini ya paa lao la mabati, uwaulize wanataka kujiitaje. Na siku utakapoondoka, uwaachie ufunguo.